Maji Yanapopanda Mlima: Namna ya Kukipima Kilima cha Kyamwilu

Ukitoka Machakos mjini kwa barabara ya Mutituni, kabla hujamaliza kilomita 15 utafika kwenye kipande cha lami kinachopita ubavuni mwa kilima cha Kituluni. Hapo magari mazima husimama. Watu hushuka na chupa za maji, huyamwaga barabarani, kisha huinama kuyatazama. Maji hayaendi kule ambako kila jicho linaona ndiko chini. Yanageuka na kupanda. Gari likiwekwa nyutro na breki ikaachiwa, nalo hujikokota taratibu kuyafuata. Pahali hapo panaitwa Kyamwilu, kwa Kikamba "cha Mwilu", na mara nyingi utawakuta vijana wa pale tayari kukuonyesha yote hayo kabla hujauliza.

Wageni wengi hukaa dakika kumi, hupiga picha, kisha huondoka na ubishi ambao hauishi mpaka Nairobi. Mmoja anasema sumaku, mwingine mizimu, wa tatu anasema kuna nguvu fulani ardhini. Sumaku tuiondoe mapema: hakuna sumaku inayovuta maji, chungwa, mpira wa tenisi na gari kwa pamoja, kisha ikauacha ufunguo ulio mfukoni umetulia. Ukweli ni kwamba barabara inashuka. Kwa upande wa fizikia jibu limeishia hapo, na maji yanafanya kazi yao ya siku zote.

Linalobaki ni swali tamu zaidi. Imekuwaje watu mia, wenye macho mazima, wasimame pahali pamoja na wote wakosee kwa namna moja? Na kwa nini hata baada ya kuambiwa, na hata baada ya kupima kwa mikono yako mwenyewe, jicho halikubali kubadilisha kauli? Kwa maoni yangu hilo ndilo la kulifuata Machakos, na linahitaji vifaa vichache ambavyo gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana hotelini.

Jicho huazima usawa

Mwashi hajengi ukuta kwa kukodoa macho. Ana timazi ya kumwonyesha wima na pima maji ya kumwonyesha ulalo, kwa kuwa anajua macho yake hayana kimojawapo cha hivyo viwili. Jicho hukisia. Kwanza hutafuta upeo, ule mstari ambapo mbingu na nchi hukutana, na kuufanya kipimo. Ukiwa ufukweni Lamu au Bagamoyo mstari huo ni wa kweli, bahari yenyewe imeuchora. Bara, katikati ya vilima, mstari umefichwa, basi jicho linaazima kitu kingine: kilele cha kilima cha mbele, safu ya miti, ukingo wa shamba, ua. Kama ulichoazima kimeinama, kila utakachokipima nacho kitatoka kimeinama. Ndani ya sikio tuna viungo vya usawa, lakini kwa mteremko wa asilimia 2, ambao ni kama digrii 1.1 tu, viungo hivyo havina sauti ya kulishinda jicho.

Mwaka 2003 watafiti watatu wa Italia, Paola Bressan, Luigi Garlaschelli na Monica Barracano, walichapisha uchunguzi wao kuhusu vilima vya namna hii. Walitengeneza mifano midogo ya barabara kwa mbao, wakabadilisha miinamo yake na kuwauliza watazamaji wanaona nini. Walichopata ni hiki: kipande chenye mteremko mdogo kikitanguliwa, kikifuatiwa au kikipakana na mteremko mkali, huonekana kana kwamba kinapanda. Fikiria unashuka kwa kasi halafu barabara inalegea na kuanza kushuka kidogo tu. Jicho lilikwisha kuuzoea ule mteremko mkali na kuuona kama ndio ulalo wa kawaida, kwa hiyo kipande kilicholegea kinaonekana kimeinua kichwa. Walithibitisha pia kwamba urefu wa upeo unaoonekana ndio unaotawala makisio hayo: ukiuinua au kuushusha upeo, mteremko nao unabadilika machoni.

Scotland kuna barabara ya A719, katika eneo la Ayrshire, yenye kipande kiitwacho Electric Brae. Zamani watu walidhani umeme ndio unaovuta magari, na jina likabaki. Pembeni pamewekwa jiwe lenye maandishi yanayosema wazi kwamba ncha moja iko futi 286 juu ya usawa wa bahari na nyingine futi 303, na kwamba mwinamo ni 1 kwa 86, ila umbo la nchi kushoto na kulia linaufanya uonekane kinyume. Naliheshimu sana jiwe hilo. Limemwambia mgeni ukweli wote, na wageni hawajaacha kwenda. Kyamwilu panastahili kibao cha aina hiyo, chenye vipimo vyake.

Kamba ya mita 10

Machakos ni pahali pazuri kuliko pengine pote pa kufanyia kipimo hiki, kwa sababu kifaa chenyewe ni cha wakulima wa huko. Matuta ya "fanya juu", ambayo yamebeba jina lake la Kiswahili mpaka kwenye vitabu vya kilimo vya kigeni, yalienea katika milima ya Ukambani, na mojawapo ya njia za kuyapima ni pima maji ndogo inayoning'inizwa kwenye kamba. Wakulima hawaliamini jicho mlimani. Tuta likikosewa kwa asilimia moja, mvua ya kwanza inalipasua.

Unahitaji kamba ya nailoni isiyovutika, urefu wa mita 10 na ziada ya kufungia. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zenye alama kila sentimita. Pima maji ya kamba, ile ndogo yenye vikulabu viwili, inapatikana dukani penye vifaa vya ujenzi. Watu watatu wanatosha: wawili washike fito, wa tatu asome kiputo, na ni vizuri awepo wa nne wa kuangalia magari.

Simameni ukingoni mwa barabara, nje ya lami, fito moja mbele na nyingine nyuma, mita 10 kamili kati yake. Fungeni kamba kwenye alama ya mita 1 kwa kila fito. Ning'inizeni pima maji katikati kabisa, mita 5 kutoka kila upande. Hapa ndipo wengi huharibu. Kamba hulegea kwa uzito, na katikati tu ndipo ule ulegevu unakuwa bapa. Pima maji ikisogea hata nusu mita kuelekea upande mmoja, inasoma mwinamo wa kamba badala ya mwinamo wa barabara. Ivuteni kamba ikaze. Kisha mtu wa fito ya mbele aipandishe au aishushe ncha yake mpaka kiputo kikae katikati. Umbali aliosogeza ndio tofauti ya kimo. Sentimita 20 katika mita 10 ni asilimia 2. Kama aliipandisha kamba kwenye fito yake, basi yeye ndiye yuko chini, hata kama macho ya wote watatu yanaapa yuko juu.

Kabla ya kuhama, igeuzeni pima maji kwenye kamba, upande wa kushoto uende kulia, msome tena. Vipima maji vya bei rahisi hutoka kiwandani vikiwa na kasoro, na kasoro hiyo huonekana mara moja kifaa kikigeuzwa. Chukueni wastani wa masomo mawili. Halafu songeni mita 10 mbele, mrudie. Fito ziwekwe juu ya ardhi ngumu au juu ya kibao kidogo. Ikizama sentimita 3 kwenye mchanga, umeongeza mteremko ambao haupo.

Asiye na pima maji atumie mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wanaoutumia waashi. Mita 12 zinatosha. Ujaze maji, uinue ncha zote mbili mpaka mapovu ya hewa yaishe kabisa, kwa sababu povu moja tu hupotosha kipimo kwa sentimita kadhaa. Maji katika ncha mbili hukaa kimo kimoja daima. Pima kutoka uso wa maji mpaka chini kwenye kila fito; kule kipimo kilikokuwa kirefu ndiko chini. Tone la rangi ya chakula husaidia kuuona uso wa maji juani.

Simu nayo ina kipima mwinamo, ila isiaminiwe ilivyo. Inaweza kukosea kwa nusu digrii hata digrii nzima, na hapa tunatafuta digrii moja tu. Iweke juu ya ubao mnyoofu wa mita 1 uliolazwa barabarani, soma, kisha igeuze simu nyuma mbele pahali palepale usome tena. Tuseme mara ya kwanza imesoma digrii 1.9 kushuka kuelekea mtini, na mara ya pili digrii 0.5 kuelekea mti uleule. Jumlisha, gawa kwa mbili: digrii 1.2, yaani kama asilimia 2.1. Zile 0.7 zilizobaki ni kosa la simu. Kimo kinachotolewa na setilaiti kwenye simu usikitegemee kabisa, kwa kuwa hukosea kwa mita kadhaa juu au chini, na tofauti nzima ya kipande hiki inaweza kuwa ndogo kuliko kosa hilo. Simu zenye kipima mgandamizo wa hewa ni afadhali. Katika nyanda hizi, kupanda mita 1 kunapunguza mgandamizo kwa takriban hektopaskali 0.1 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Tembea kutoka ncha hadi ncha bila kukawia, maana mgandamizo hubadilika wenyewe saa zinavyokwenda.

Gari, maji na mkebe

Kwa nini magari mengine yanajikokota vizuri na mengine yanagoma? Wenyeji huulizwa hili kila siku. Tairi lenye upepo wa kutosha juu ya lami linahitaji kusukumwa kwa takriban sehemu moja ya mia ya uzito linaoubeba ili lianze kuzunguka. Gari la kilo 1,200 linahitaji msukumo kama wa uzito wa kilo 12. Kwenye mwinamo wa 1 kwa 86, kama ule wa Electric Brae, mvuto unalisukuma kwa kilo 14 hivi. Ziada ni kilo 2 tu. Tairi zikiwa na upepo pungufu, breki zikishika kidogo, au gurudumu likiwa limekaa ndani ya kishimo, gari halitatikisika, na mwenye gari ataondoka akisema amedanganywa. Pampu upepo mjini kabla ya kupanda huko.

Mwinamo ukifika asilimia 3, ziada inakuwa kilo 24, na mambo yanabadilika upesi. Baada ya sekunde 10 gari linakwenda kilomita 7 kwa saa na limepita mita 10. Baada ya sekunde 20 ni kilomita 14 kwa saa na mita 39. Baada ya nusu dakika ni kilomita 21 kwa saa. Mtu wa kulikimbilia kwa miguu huku anapiga video hana salama.

Kwa hiyo dereva abaki kwenye usukani, injini ikiunguruma. Kuzima injini ni kosa baya kuliko yote yanayofanyika hapo: usukani unakuwa mzito, breki zinapoteza msaada baada ya kukanyagwa mara chache, na ufunguo ukichomolewa usukani unajifunga. Weka nyutro ukiwa umekanyaga breki ya mguu, washa taa za tahadhari, hakikisha hakuna gari nyuma, ndipo uachie taratibu. Mtu mmoja asimame kwenye kona, mbali vya kutosha, na kitambaa cha rangi kali. Hii ni barabara ya umma. Matatu na pikipiki zinapita hapo kwa kasi yake ya kawaida, na dereva wake hategemei kukuta gari limesimama katikati ya njia huku abiria wake wameinama.

Maji yana mitego yake. Barabara ya lami hujengwa na mgongo katikati, ikiinama kwa asilimia 2 hadi 2.5 kila upande ili mvua itoke. Ukimwaga maji mbali na mgongo huo, yatakwenda mshazari kuelekea mfereji, na hapo kila mtu ataona anachotaka kuona. Mwaga karibu na mgongo wenyewe, au chora mstari wa chaki unaofuata barabara uangalie maji yamesogea upande gani wa alama ya kuanzia. Usirushe. Mkono ukitupa maji mbele, yatakwenda mbele kwa nguvu ya mkono, si kwa mteremko. Inamisha chupa ya nusu lita karibu na lami, yatoke polepole, yaache yatengeneze dimbwi, kisha subiri dimbwi lichague njia. Juu ya vumbi maji hujikunja kuwa matone na kusimama. Lowesha sehemu hiyo kwanza.

Chupa tupu ya plastiki ni kifaa kibovu. Upepo mdogo tu unaiendesha, na kwa kuwa shingo ni nyembamba kuliko tako, hujizungusha kwa upinde na kuishia mferejini. Mkebe wa bati wa maziwa ambao haujafunguliwa ni bora: mzito, mviringo sawa ncha zote, haujali upepo. Uuweke mara tatu pahali palepale. Ukienda upande mmoja mara zote tatu, umepata jibu.

Ukihudumiwa, lipa. Wale vijana wanabeba maji kutoka mbali ili wewe uyamwage chini. Mkubaliane bei kabla chupa haijafunguliwa.

Nyumba zilizoinamishwa

Marekani waliigeuza hila hii kuwa biashara ya kando ya barabara kitambo. Oregon Vortex, karibu na mji wa Gold Hill, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1930 na John Litster. Nyumba yake ilikuwa ofisi ya kampuni ya madini, iliyojengwa 1904, ambayo baadaye iliteleza kutoka kwenye msingi wake ikabaki imeegama. Mystery Spot ya Santa Cruz, California, ilifuata karibu na 1940, na mwaka 2014 jimbo hilo liliipa kibao cha alama ya kihistoria, namba 1055. Viongozi wa wageni huko huzungumza habari za nguvu ya ajabu ardhini. Mwaka 1999 Arthur Shimamura na William Prinzmetal wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliichunguza Mystery Spot na kuonyesha kwamba ni nyumba yenyewe inayomshika mtu: ukiwa ndani ya chumba kilichoinama, ubongo unauchukua mwinamo wa kuta kama ndio wima.

Hesabu yake inapendeza. Tuseme sakafu imeinama digrii 20 kushuka kushoto. Fundi anatundika mfereji wa mbao unaoshuka kushoto kwa digrii 5 tu. Ukilinganisha na sakafu, mfereji unapanda digrii 15 kwenda kushoto. Mpira ukiwekwa ndani unakwenda kushoto, na mgeni anaona mpira unapanda mlima mkali. Timazi ikining'inizwa darini, inaonekana imevutwa pembeni na mkono usioonekana, kumbe ni kitu pekee kilichosimama sawasawa humo ndani.

Kuna pia ule ubao wa watu wawili kubadilishana ncha, mmoja akaonekana amerefuka. Kiongozi huweka pima maji juu ya ubao, na kweli kiputo kinakaa katikati. Haongopi kuhusu ubao. Kinachoongopa ni ua na miti iliyo nyuma, ambayo mistari yake imeinama, hivyo kichwa cha aliye upande mmoja kinaonekana juu ya mstari na cha mwenzake chini yake. Kuihakiki, weka kamera juu ya miguu mitatu, katikati ya ubao, kwa pembe mraba, isiguswe tena. Piga picha kabla na baada ya kubadilishana, kisha pima kimo cha kila mtu kwa rula kwenye kioo cha simu. Kamera ikishikwa mkononi jaribio limekufa, kwa kuwa mpigaji mwenyewe huinamisha mkono kufuata ua.

Nyumba hizi zinasumbua mwili kuliko barabara. Kichefuchefu huanza baada ya dakika chache, kwa sababu sikio linasema wima iko huku na jicho linasema iko kule. Wenye matatizo ya usawa, wajawazito na wazee washike kizuizi, wavae viatu bapa, na wanaposikia kizunguzungu watoke nje waangalie kitu cha mbali. Kufumba macho ndani ya nyumba hiyo pia hufundisha: miguu inagundua sakafu ilivyo ndani ya sekunde chache.

Waswahili wa Ghuba na mahujaji wanazijua barabara mbili za jamii hii. Moja ni ya bonde lililo nje ya Madina, ambalo watu huliita Wadi al-Jinn, ambako magari huachwa yaserereke bila mafuta kukanyagwa. Imani ya majini ni jambo lake peke yake, lakini bonde linashuka, na kamba ya mita 10 itaonyesha hivyo. Hatari ya huko ni urefu wa mteremko: gari lililo nyutro linaendelea kuongeza kasi, na basi lililojaa watu halipaswi kufanyiwa jaribio hilo. Nyingine iko Dhofar, Oman, katika barabara za milimani kati ya Taqah na Mirbat. Wakati wa khareef, yaani msimu wa mvua wa huko, Juni hadi Septemba, ukungu hufunika milima hiyo. Anayetaka kusimamisha gari barabarani asubiri hewa ikae safi.

Ikweta, Nanyuki au Kayabwe upande wa Uganda, utaonyeshwa beseni lenye tundu, maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Huku si macho yanayodanganya, ni mkono. Mita 20 kutoka mstarini, mzunguko wa dunia unayagusa maji kwa sehemu 3 tu katika kila milioni ya uwezo wake wa kwenye ncha ya dunia. Ascher Shapiro wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1962, alilazimika kutumia tangi la upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie saa 24 ili auone mzunguko huo, na yeye alikuwa Boston, mbali sana na ikweta. Tazama upande ambao maji yanamiminwa kwenye beseni, na namna mwonyeshaji anavyogeuka nalo kabla ya kuzibua.

Kilima cha mezani

Walimu wasioweza kupeleka darasa Machakos wanaweza kukijenga chao. Tafuta vipande viwili vya ubao laini, kila kimoja urefu wa sentimita 40 na upana wa 10, vipakwe rangi moja isiyo na michirizi. Cha kwanza kishuke sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo ni asilimia 10. Cha pili kiunganishwe hapo na kishuke milimita 8 tu, asilimia 2. Tumia vitabu na karatasi zilizokunjwa kuweka vimo, na upime kwa rula kutoka kwenye meza ambayo umeihakikisha kwa pima maji.

Mwanzoni mwa ubao wa kwanza simamisha kadibodi yenye tundu la milimita 5, sentimita 5 juu ya ubao. Funika pande zote na nyuma kwa kitambaa cha rangi moja. Mwanafunzi achungulie kwa jicho moja na aseme ubao wa pili unakwenda wapi, kisha gololi iachiwe pale vipande vinapokutana.

Jaribio likikataa, kwa kawaida ukingo wa meza au mstari wa ukuta unaonekana kupitia kitambaa, na mstari mmoja ulionyooka unatosha kulipatia jicho usawa wake. Sababu ya pili ni kuchungulia kwa macho mawili. Ya tatu ni kiungo kibaya: gololi ikigonga ngazi ya milimita moja kati ya mbao inasimama, basi bandika utepe wa karatasi juu ya kiungo. Mwanafunzi akishajibu, ondoa kitambaa polepole kuanzia nyuma, huku jicho lake likiwa bado kwenye tundu, akuambie ni wakati gani ubao unageuka.